Oktani si nguvu: petroli ihesabiwe kwa kilomita

Na Mwandishi Wetu

MTU anapoingia kituo cha mafuta huangalia namba moja tu ubaoni, nayo ni bei ya lita. Mwenye teksi hufanya hivyo, mwenye bodaboda hufanya hivyo, na hata meneja wa kampuni yenye magari ishirini hufanya hivyo anapopitisha hati za malipo mwisho wa mwezi. Lakini lita ni kipimo cha ujazo tu. Haisemi mafuta hayo yatalifikisha gari umbali gani, wala kama injini itayavumilia.

Mambo mawili yana uzito mkubwa katika hayo: namba ya oktani na kiasi cha ethanoli kilichochanganywa katika petroli. Yote mawili yamezungukwa na imani za mitaani. Wapo wanaoamini kuwa petroli ya oktani kubwa ina "nguvu" zaidi, na wanalipa ziada kuipata. Wapo pia wanaoamini kuwa ethanoli, kwa kuwa hutokana na miwa, lazima iwe rahisi. Imani zote mbili zinaweza kumtia mfanyabiashara hasara, na hasara hiyo haionekani kwenye risiti.

Kwa msomaji wa Tanzania suala hili si la mbali. Petroli inayouzwa hapa huletwa ikiwa imeshasafishwa nje. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 huagizwa kwa pamoja, shehena ya meli moja ikigawiwa kampuni nyingi, na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wakati huohuo jirani zetu wa Malawi wana ethanoli katika petroli yao tangu zamani, na India, ambako hutoka pikipiki nyingi za bodaboda, imefikia mchanganyiko wa asilimia 20. Mjadala huo ukifika hapa, mlaji anapaswa kuwa na hesabu yake tayari.

OKTANI NI KIPIMO CHA NINI?

Katika injini ya petroli, pistoni hupanda na kuugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta. Plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kwenda pembeni mwa silinda. Kadiri mchanganyiko unavyogandamizwa ndivyo joto lake linavyopanda. Mafuta yasiyovumilia hali hiyo huwaka yenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujayafikia. Hapo ndipo injini hugonga, kwa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Kugonga huko kukiachwa kuendelea huharibu pistoni na gasketi ya silinda hedi, na mwisho wake ni ule ambao mafundi huutaja kwa neno moja: injini imenoki.

Namba ya oktani hupima uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kuwaka yenyewe. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Graham Edgar, mwaka 1926. Kemikali iitwayo isooktani, ambayo huvumilia sana, ilipewa 100. Nyingine iitwayo heptani, ambayo hugonga upesi, ilipewa 0. Petroli ya oktani 91 ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 91 za isooktani na sehemu 9 za heptani.

Msomaji ataona kuwa katika kipimo hicho hakuna mahali panapopimwa nguvu. Lita ya petroli ya oktani 98 na lita ya oktani 91 hutoa joto linalokaribiana sana. Oktani ni kinga ya injini. Ukishapata kinga inayotosha, ile ya ziada haikuongezei mwendo.

Anayefaidika na oktani kubwa ni yule anayebuni injini. Akijua kuwa mafuta yatavumilia, huongeza mgandamizo, na injini yenye mgandamizo mkubwa hutoa kazi zaidi kwa mafuta yaleyale. Mfano mzuri ni injini ya Mazda ya lita 2 iitwayo Skyactiv-G. Ulaya, ambako petroli ya kawaida ni ya oktani 95, iliuzwa ikiwa na mgandamizo wa 14 kwa 1. Marekani, ambako petroli ya kawaida ina oktani ndogo zaidi, ilishushwa hadi 13 kwa 1. Injini ndiyo iliyorekebishwa ifuate mafuta. Mwenye gari akishalinunua, hawezi kuongeza mgandamizo huo kwa kubadili pampu.

NAMBA MOJA, VIPIMO VIWILI

Wanaoagiza magari kutoka nje wanapaswa kuwa waangalifu, kwani namba inayoandikwa haina maana moja duniani kote. Kuna kipimo cha RON, ambacho hufanywa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika, na kipimo cha MON, ambacho hufanywa kwa mizunguko 900 na mchanganyiko ulio na joto zaidi. MON huwa ndogo kuliko RON, mara nyingi kwa namba 8 hadi 10.

Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Mashariki hutumia RON. Marekani huandika wastani wa RON na MON. Kwa hiyo "87" ya Marekani ni karibu sawa na RON 91 au 92, na "91" yao ni karibu RON 95 au 96. Mtu aliyenunua gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, na kifuniko chake kimeandikwa 91, akijaza petroli ya RON 91 atakuwa amelipa injini kinga pungufu bila kujua. Dubai, ambako magari mengi hupitia, pampu huandikwa 91, 95 na 98, na hizo zote ni RON.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani. Huko kuna petroli za aina mbili. Ya kawaida, kwa kiwango chao, haipaswi kuwa chini ya RON 89. Ya daraja la juu haipaswi kuwa chini ya RON 96. Gari dogo la kawaida lililoundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani halidai zaidi ya hapo. Lakini gari lenye tabo, kama Subaru Forester za namna hiyo, liliundwa kwa daraja la juu, na maelezo yake huwa yamebandikwa kwa Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi. Inafaa kumtafuta mtu wa kuyasoma kabla ya kununua gari, kwa sababu yanagusa gharama ya kila wiki.

Ikiwa gari la daraja la juu litapewa oktani ndogo, injini za kisasa hujitetea. Sensa husikia mgongo wa mwanzo, na kompyuta ya injini huchelewesha cheche. Gari haliharibiki siku hiyo, ila linapoteza nguvu na kula mafuta zaidi. Gari la zamani la kabureta halina sensa hiyo; dereva ndiye sensa, na akiwasha redio kwa sauti kubwa hasikii kitu.

Kinyume chake, kulipa oktani ambayo injini haiihitaji ni fedha ya bure kwa muuzaji. Mwaka 2016, AAA, ambacho ni chama cha wenye magari cha Marekani, kilikadiria kuwa madereva wa nchi hiyo walipoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kununua petroli ya daraja la juu kwa magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida.

Jambo jingine ni mwinuko. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, silinda hujaa kidogo, na injini isiyo na tabo huhitaji oktani ndogo zaidi. Ndiyo maana Denver, Marekani, mji ulio karibu mita 1,600 juu ya bahari, vituo viliuza kwa miaka mingi petroli ya kawaida ya namba 85 badala ya 87. Kwa hapa kwetu, gari linaloendeshwa Mbeya, karibu mita 1,700, linaweza kukaa kimya kwa mafuta ambayo yangeligongesha likishuka Dar es Salaam na kupakia mzigo kwenye joto la saa nane mchana. Mfanyabiashara anayelalamika kuwa "petroli ya Pwani ni mbaya" huenda anaisingizia petroli kosa la usawa wa bahari.

MAFUTA YA TAA NDANI YA PETROLI

Hata hivyo, yapo malalamiko ya haki. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na yakichanganywa katika petroli hushusha kinga ya mchanganyiko wote. Uchakachuaji ulishamiri nchini kwa sababu ya hesabu rahisi: kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya petroli na dizeli, na tofauti hiyo ilikuwa faida ya mchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida hiyo. Familia zinazopikia na kuwashia mafuta ya taa zilibeba mzigo wa dawa hiyo.

Somo kwa mnunuzi ni kwamba injini iliyokuwa kimya ikianza kugonga baada ya kujazwa kituo kipya, jambo la kwanza kulishuku ni oktani iliyoshushwa. Kuongeza "dawa" za chupa bila kuhama kituo ni kulipa mara mbili.

KUTOKA RISASI HADI ETHANOLI

Njia rahisi ya kupandisha oktani ilikuwa risasi. Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors waligundua mwaka 1921 kuwa mchanganyiko wa risasi kidogo tu huzuia kugonga, na mwaka 1923 petroli ya namna hiyo ikaanza kuuzwa Marekani. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kwa magari ya kawaida, iliacha mwaka 2021.

Risasi ilipoondoka, viwanda vya kusafisha mafuta vililazimika kupata oktani kwa njia za gharama zaidi. Mojawapo ya vitu vilivyojaza pengo ni ethanoli, yaani spiriti safi inayokenekwa kutokana na miwa, molasi, mahindi au mihogo. Ethanoli ina RON ya karibu 108. Aidha, inapogeuka mvuke hufyonza joto jingi kuliko petroli, hivyo huipoza silinda na kuzuia kugonga kwa njia ya pili.

Wafanyabiashara wa Marekani wameigeuza sifa hiyo kuwa fedha. Viwanda vyao hutengeneza petroli duni ya namba 84 kwa kipimo chao, kisha bohari huongeza ethanoli asilimia 10 na kupata namba 87 inayotakiwa na sheria. Kiwanda huokoa gharama ya kutafuta oktani hiyo kwingine. Kwa hiyo karibu petroli yote ya Marekani leo ina ethanoli, na dereva haoni tofauti ya namba kwenye pampu.

Tofauti anaiona kwenye tangi. Lita ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Lita ya ethanoli ina megajuli 21 na kidogo. Yaani ethanoli ina kinga nyingi, lakini chakula chake ni thuluthi mbili tu ya kile cha petroli. Mchanganyiko wa asilimia 10, unaoitwa E10, una nishati pungufu kwa asilimia 3 na nusu. Ule wa asilimia 20, E20, umepungukiwa asilimia 7 hivi.

Injini iliyobuniwa kwa ajili ya ethanoli hurudisha sehemu ya upungufu huo kwa kutumia mgandamizo mkubwa. Injini ya kawaida haiwezi. Taasisi ya mipango ya India, NITI Aayog, katika ripoti yake ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa E20 ingepunguza mwendo kwa lita kwa asilimia 6 hadi 7 katika magari yaliyoundwa kwa petroli tupu na kurekebishwa kwa E10, asilimia 3 hadi 4 katika pikipiki za aina hiyo, na asilimia 1 hadi 2 tu katika magari yaliyoundwa kwa E10 na kurekebishwa kwa E20. India ilipofikia E20 mwaka 2025, kelele kubwa zilitoka kwa wenye magari ya zamani.

HESABU YA MWENYE GARI

Tuchukue mfano wa petroli tupu inayouzwa shilingi 3,000 kwa lita, na teksi inayokwenda kilomita 12 kwa lita. Kila kilomita inagharimu shilingi 250. Teksi hiyohiyo ikijazwa E10 itakwenda kama kilomita 11.6 kwa lita, na ikijazwa E20 kama kilomita 11.2. Ili kilomita ibaki shilingi 250, bei zinapaswa kuwa hivi:

Petroli tupu: shilingi 3,000 kwa lita.
E10: shilingi 2,900 kwa lita.
E20: shilingi 2,800 kwa lita.

Bei ya E10 ikibaki 3,000 kama ya petroli tupu, mlaji amepandishiwa bei kwa asilimia 3 na nusu bila tangazo. Teksi inayokwenda kilomita 200 kwa siku itatumia zaidi ya nusu lita ya ziada kila siku, sawa na shilingi 1,700 hivi. Kwa siku 26 za kazi hizo ni zaidi ya shilingi 44,000, ambazo dereva atadhani zimeibwa na fundi au pampu mbovu.

Upande wa mwagizaji hesabu ni hiyohiyo. Kwa nishati peke yake, ethanoli inayoshindana na petroli ya shilingi 3,000 haipaswi kuzidi shilingi 2,000 hivi kwa lita, kabla ya kuthamini oktani yake. Thamani ya oktani hiyo hupatikana tu ikiwa mwagizaji ataruhusiwa kununua petroli ya msingi yenye oktani ndogo na bei ndogo. Akilazimika kuleta petroli iliyokwisha kutimiza kiwango, kisha akaichanganya na ethanoli, oktani ya ziada itamfikia mwenye gari asiyeihitaji, na hakuna atakayeilipa.

MAJI, JOTO NA MIPIRA

Ethanoli hupenda maji. E10 inaweza kubeba maji ya karibu nusu asilimia ya ujazo wake bila kuonekana. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi. Gari likivuta ya chini, linazimika. Likivuta ya juu, linapata petroli iliyopoteza oktani yake kwa namba mbili au tatu. Mwenye kituo ambaye tangi lake la chini ya ardhi huingiza maji kidogo wakati wa masika, na ambaye kwa petroli tupu huyavuta tu na kuendelea na biashara, kwa E10 anaweza kupoteza tangi zima. Ndiyo sababu mabohari huchanganya ethanoli mwishoni, lori linapopakia.

Joto nalo lina sehemu yake. E10 hutoa mvuke mwingi kidogo kuliko petroli iliyochanganywa nayo, na gari la zamani la kabureta likisimama kwenye foleni mchana linaweza kukata mafuta kwa sababu ya mvuke kwenye bomba. Aidha, ethanoli huhitaji hewa kidogo zaidi kuungua. Petroli tupu hutaka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo ya mafuta. E10 hutaka kama 14.1. Gari lenye sensa ya oksijeni hujirekebisha. Pikipiki ya kabureta haiwezi, hivyo huendeshwa na mafuta hafifu na injini hupata joto zaidi, na fundi hulazimika kubadili jeti.

Mwisho ni mipira. Ethanoli huchakaza baadhi ya mipira na plastiki za zamani, na husafisha uchafu wa miaka mingi kwenye tangi na kuupeleka kwenye filta. Japani kwa miaka mingi iliruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 3, hadi ilipofungua mlango kwa E10 mwaka 2012 kwa magari yaliyoandaliwa. Magari mengi ya Kijapani ya kabla ya hapo, ambayo bado yanatufanyia kazi, yaliundwa kwa soko lisilokuwa na ethanoli nyingi. Marekani yenyewe, ilipoidhinisha E15 mwaka 2010 na 2011, iliiruhusu kwa magari ya modeli za 2001 na kuendelea tu, na ikazikatalia pikipiki.

SOMO LA BRAZILI

Nchi iliyokwenda mbali zaidi ni Brazili. Mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda, serikali ilianzisha mpango wa Proálcool kwa kutumia miwa. Mwaka 1979 Fiat 147 ikaanza kuuzwa ikitumia ethanoli peke yake, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya ethanoli.

Kisha soko likageuka. Mafuta ya petroli yalishuka bei mwaka 1986, sukari ikapanda, na wenye viwanda wakaona faida zaidi kwenye sukari. Kufikia 1989 ethanoli iliadimika, na wenye magari yasiyoweza kutumia kitu kingine wakapanga foleni. Imani ilivunjika. Katikati ya miaka ya 1990 karibu hakuna aliyenunua tena gari la ethanoli tupu.

Kilichoiokoa biashara hiyo ni hiari ya mnunuzi. Mwaka 2003 Volkswagen ilileta Gol inayotumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote, na kampuni nyingine zikafuata. Tangu hapo Mbrazili hupiga hesabu palepale pampuni: ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza ethanoli, ikizidi, anajaza petroli. Namba hiyo ya 70 ni kubwa kidogo kuliko thuluthi mbili kwa sababu petroli yao yenyewe ina ethanoli: asilimia 27 kuanzia 2015, na 30 kuanzia Agosti 2025.

Karibu nasi, Malawi ilianza mwaka 1982 kwa ethanoli ya molasi ya Dwangwa. Kwa nchi isiyo na bandari, ambayo sehemu ya mafuta yake hupita Dar es Salaam, kila lita ya nyumbani ni fedha za kigeni zilizookolewa. Zimbabwe ilianza Triangle mwaka 1980, ikasimama kwa ukame wa 1992, na mwaka 2013 ikaufanya mchanganyiko kuwa wa lazima. Kenya ilichanganya ethanoli ya Muhoroni miaka ya 1980, lakini mpango huo haukuvuka miaka ya 1990. Palipo na miwa mingi na sababu ya kuokoa fedha za kigeni, mpango umedumu. Penye ukame au bei isiyolipa, umekufa.

JE, MOLASI INATOSHA?

Tanzania haina sheria inayolazimisha kuchanganya ethanoli, ingawa ina viwanda vya sukari, na Kilombero kuna mtambo wa kukeneka spiriti kutokana na molasi. Kabla ya kushangilia, tuangalie ukubwa wa kazi. Tani moja ya miwa huacha molasi ya kilo 40 hivi, na tani moja ya molasi hutoa ethanoli ya lita 250 hivi. Nchi inayotumia petroli lita bilioni 1 kwa mwaka huhitaji lita milioni 100 za ethanoli kwa E10. Hiyo ni molasi ya tani 400,000, inayotokana na miwa tani milioni 10.

Njia nyingine ni kukamua miwa na kupeleka juisi yote kwenye ethanoli, ambapo tani moja hutoa lita 70 hadi 80. Hapo miwa tani milioni 1.3 ingetosha, lakini sukari yake haitakuwepo. Nchi ambayo bado huagiza sukari miaka ya uhaba ni lazima ijiulize kama inataka kupunguza meli ya petroli ili iongeze meli ya sukari.

USHAURI KWA MNUNUZI

Mwenye gari asome kitabu au kibandiko cha gari lake, ajue kama namba iliyoandikwa ni ya RON au ya Marekani, na anunue oktani inayotajwa bila kuongeza. Injini isiyogonga haina deni la oktani. Inayogonga ichunguzwe kwanza mafuta, kisha majira ya cheche, kisha joto la injini.

Mwenye kampuni ya usafiri aandike kila mara lita alizojaza, kituo na kilomita. Daftari la miezi mitatu litamwambia mengi kuliko bango lolote la matangazo, na siku aina ya petroli itakapobadilika ataona badiliko hilo wiki ileile.

Mwenye kituo apime maji tangini kabla ya masika, si baada ya malalamiko.

Na wale watakaopanga bei, siku ethanoli ikija, wana jambo moja la haki la kufanya: pampu iandikwe wazi asilimia ya ethanoli, na bei ya lita ishuke kwa kadiri ya nishati iliyopungua. Bila hivyo mkulima wa miwa atapata soko, kiwanda kitapata faida, na mwenye bodaboda ndiye atakayelipia tofauti, kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita.